Sindano kwenye Foleni ya Maji

Mimi ni mtu wa kuongea. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua hutaelewa lolote katika haya ninayokusimulia, na nina hamu ya kuyasimulia mpaka magoti hayatulii. Mama yangu alikuwa akisema watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza maswali. Nikikalishwa peke yangu kimya, macho yanaanza kufunga. Macho yakifunga, mkono nao unalala. Ndivyo nilivyoumbwa, na ilinichukua muda kukubali.

Dada yangu mkubwa aliumbwa vingine kabisa. Miaka ile ya sabini tulikaa chumba kimoja Gatwekera, hapo Kibera, kuta za udongo na mabati juu. Yeye ndiye aliyetangulia kuja Nairobi kutoka kwetu Magharibi, akapata kazi ya nyumba kwa familia moja upande wa Kilimani. Alikuwa mtu wa utaratibu, wee! Kabla jogoo wa jirani hajafungua mdomo, dada ameshaamka, ameshaomba, ameshafagia, chai iko jikoni, na viatu vyake vimepangwa mlangoni vikitazama nje. Yote hayo bila neno hata moja. Ukimsalimia mapema sana alikuwa anakuitikia kwa kidevu.

Nilikuja kwake mwanzo wa mwaka kutafuta kazi. Nikatafuta. Nilikataliwa kwa adabu, nikakataliwa bila adabu, na kila nilikokataliwa niliondoka na rafiki mpya, jambo ambalo dada hakuliona kuwa faida. Ilipofika Agosti baba akatuma maneno kupitia mtu wa kanisa letu aliyekuwa ametoka nyumbani. Maneno yalikuwa mafupi. Krismasi tungeenda sote kama kawaida, na kama bado sina kazi, nisirudi Nairobi, nibaki huko huko. Tena kulikuwa na watu waliokuja kuulizia habari zangu, watu wa heshima zao, wana ng'ombe, na kijana wao nilimjua. Hakuwa mbaya. Lakini tangu tukiwa watoto sijawahi kumwona akicheka.

Na mimi nilitaka Nairobi! Acha niseme wazi, bila kuzunguka. Niliipenda na matope yake yote. Niliwapenda watu wa kila lugha wakigombana juu ya kamba moja ya kuanikia nguo. Sikutaka kabisa kurudi kukaa kimya kwenye boma la watu wasiocheka.

Basi mwishoni mwa Septemba nikasikia kanisani kwamba kuna mama mmoja fundi wa nguo kule Gatina, Kawangware, anashona yunifomu za shule, na msimu ukikaribia atahitaji mtu. Nikatembea. Kutoka Gatwekera unapitia Kianda, unavuka barabara ya Ngong, unaingia Kawangware mpaka Gatina, na njia nzima nilikuwa nikijisemesha. Fundi alikuwa mama mrefu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Hakutaka hadithi. Akaniuliza kama najua kushona matundu ya vifungo kwa mkono.

"Najua kushona vifungo, mama."

"Kifungo hata mtoto anashona. Nauliza tundu."

Akanionyesha. Unakata mpasuko mdogo kwa wembe, halafu unauzungushia uzi, na kila mchomo wa sindano una kifundo chake, na vifundo vyote lazima vikae ukingoni, mstari mmoja, vimeshikana. Ukivuta uzi sana, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, mtoto wa shule ataling'oa tundu hilo wiki ya kwanza. Akanipa vipande vya kaki vilivyobaki mezani akasema nije Desemba mwanzoni, atanipa shati zima. Matundu yakiwa mazuri, kazi ni yangu. Yakiwa mabaya, kuna msichana mwingine ameshauliza.

Dada akafurahi, kwa namna yake ya kufurahi, yaani akaongeza mafuta ya taa kwenye koroboi. "Utakuwa unaamka na mimi," akasema. "Utakaa pale, utanyamaza, utashona mpaka kuche. Mkono unajifunza alfajiri." Kwake ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kusoma hivyo, alfajiri, peke yake, akiwa mtu mzima. Angeniambia nijifunze nikiwa nimesimama kichwa chini ningemwamini vilevile.

Haki ya Mungu nilijaribu. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo na koroboi usoni, nje giza, ndani kimya, na usingizi ukinipanda kutoka miguuni kama maji. Nilijichoma vidole vyote. Matundu yalikuwa yanatoka na midomo iliyopinda. Kisha asubuhi moja dada akaniita nimpe ndoo, nikainuka, na kitambaa nacho kikainuka na mimi. Kumbe nilikuwa nimeshona ile kaki kwenye gauni langu mwenyewe! Tena kwa vifundo imara, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Dada hakucheka. "Wewe unacheka," akasema, "na Krismasi ndiyo hiyo inakuja." Akavaa viatu akaenda kazini. Kicheko kikanikwama. Nikakaa pale na wembe nikiufumua ule uzi kutoka kwenye gauni, machozi yakinidondoka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi ni mvivu tu, sina lingine.

Nikajaribu mchana, mlango nimefunga. Wapi! Nikisikia mtu anapita, nafungua nimsalimie. Nikajaribu kwenda kukaa kanisani kulipokuwa kimya, nikalala kwenye benchi mpaka mzee wa kanisa akaniamsha akiuliza kama naumwa. Oktoba ikaingia na sikuwa na tundu hata moja la kumwonyesha mtu.

Sasa sikia. Siku hizo maji yalikuwa shida. Tulikuwa na bomba moja la kununua, na foleni yake haikuwa ya watu tu, ilikuwa ya madebe. Unaweka debe lako nyuma ya debe la mwenzako, na debe linakushikia nafasi, ila ole wako maji yakifika kwako na wewe haupo. Linarukwa, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo wanawake walikuwa wanakaa pale pale, kwenye mawe, juu ya mitungi, wakingoja, na maji yakikatika wanangoja zaidi. Wengi walichukia foleni ile. Mimi niliipenda kisirisiri, maana ndipo habari zote za Gatwekera zilipokuwa zinapita.

Alasiri moja maji yakakatika. Jirani yetu, mama mnene wa kutoka ziwani aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, akaanza kutusimulia habari za bwana wake. Ati bwana amenunua kitanda kikubwa, cha watu wakubwa, akakileta kwa mkokoteni, na kitanda kikakataa kuingia mlangoni. Wakakilaza ubavu, kikakataa. Wakakisimamisha, kikakataa. "Sasa kiko nje," akasema, "na watoto wa ploti nzima wamelala juu yake, na bwana wangu amekaa pembeni anakichunga kama ng'ombe!" Nikacheka, nikauliza maswali, nikatoa ushauri juu ya kung'oa fremu ya mlango, nikabishana na mama mwingine aliyesema watoboe ukuta. Nilikuwa na kipande cha kaki nimekichomeka kiunoni kwenye leso, na sindano ikiwa na uzi wake. Sikumbuki nilivitoa saa ngapi.

Bomba likakoroma, maji yakarudi, watu wakainuka. Nikatazama chini kutafuta debe langu, na mkononi mwangu kulikuwa na tundu.

Tundu! Limenyooka. Vifundo vimekaa mstari, vimeshikana, hakuna pa kupitisha hata unywele. Nikapiga kelele hivi kwamba watu walidhani nimeumwa na siafu.

"Mama, tazama! Tazama hapa!"

Yule mama wa samaki akashika kitambaa, akakigeuza. "Sasa hii ni nini? Si ni tundu tu."

"Tundu tu? Mama, hili ni tundu!"

"Haya, msichana. Sogeza debe."

Nikasogeza debe, na kichwani mwangu mambo yalikuwa yanakimbia. Nilibeba maji yale kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, nusu yakamwagika. Nilikuwa nimeelewa! Mkono wangu haukuwa mvivu. Mkono wangu ulikuwa unataka mdomo ushughulike kwanza, usiusumbue. Na ile foleni ilikuwepo kila siku, nipende nisipende. Sikuwa na haja ya kujikokota kwenda, maana bila maji hatupiki. Nikajiwekea sheria moja, ndogo hata ya kuchekesha: debe likigusa chini, sindano inatoka kiunoni. Basi. Sikupanga saa wala sikujiapiza. Foleni ikiwa fupi, nashona kidogo. Ikiwa ndefu, wenzangu wakiguna, mimi ndani kwa ndani nashangilia.

Na ikashika, jamani! Baada ya muda mfupi, mlio tu wa debe kwenye changarawe ulitosha kupeleka mkono wangu kiunoni, hata kama ni debe la mtu mwingine. Wanawake wakaanza kunitania. "Huyu mdomo unakimbia, mkono unamfuata nyuma." Halafu wakaanza kuniletea vitu. Gauni la mtoto lililokuwa linafungwa kwa pini. Blauzi ya kanisani iliyopoteza umbo. Kila kitambaa kilikuwa na tabia yake, na mimi nilivijua vyote huku nikisikiliza nani ameolewa, nani amehamia Kianda, na kile kitanda kimefikia wapi. (Waling'oa fremu. Nilikuwa nimesema!)

Ila sikuwa nimemwambia dada. Nilikuwa nangoja niwe na matundu mengi mazuri nimwekee mezani. Akanikuta kabla. Alitoka kazini mapema siku moja, akapita pale bombani, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe, sindano hewani, nikiigiza jinsi mhubiri fulani alivyopanda basi. Foleni nzima inalia kwa kicheko.

"Hii ndiyo kazi?" dada akauliza.

"Dada, angalia mkono wangu."

"Naangalia mdomo wako. Kazi haifanywi kwa mdomo. Nimejitesa na wewe alfajiri, nimekuwekea mafuta, wewe unakuja kucheza bombani, na baba amesema alichosema."

Nami nikakasirika. Nina hasira za haraka, ndizo hizo hizo za baba. "Wewe kimya kinakupa nguvu," nikamwambia, "mimi kimya kinaniua! Unataka nijue kushona, au unataka niwe wewe?"

Mama wa samaki akasafisha koo, akasema taratibu, "Mwache mtoto, mama. Mtu hujikuna ajipatapo." Dada akaokota debe langu, ambalo nilikuwa nimelisahau na lilikuwa karibu kurukwa, akaliweka chini ya bomba, akalijaza, akalibeba mwenyewe hadi nyumbani. Hatukusemezana mpaka kesho yake. Lakini alfajiri ile hakuniamsha, na koroboi haikuwashwa upande wangu.

Desemba ikafika. Nikaenda Gatina nimevaa gauni langu zuri. Duka lilikuwa limejaa. Nje kulikuwa na akina mama na watoto wao wakingoja kupimwa, ndani cherehani zinalia, na hakuna mtu anayeongea. Nikajiuliza kwa nini, kisha nikaona. Fundi na msaidizi wake walikuwa wameshika pini midomoni, zimepangwa safu, kila wakihitaji moja wanaitoa hapo. Ndiyo ilikuwa desturi ya duka lile. Fundi akanikabidhi shati jeupe la shule, akanionyesha stuli kwa kidole, halafu akanipa na mimi pini za kushikia kitambaa, akanionyesha mdomo wangu.

Nikaziweka. Ladha ya chuma. Midomo imefungwa. Nikakata mpasuko wa kwanza, nikaanza, na nikasikia ule usingizi wa alfajiri unanipanda tena kutoka miguuni. Woi! Mkono ukawa wa mtu mwingine. Uzi ukajisokota. Tundu la kwanza likatoka limepinda kama mdomo wa mtu anayekaribia kulia, na mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia. Niliona ng'ombe wa watu wale, niliona lile boma lao kimya, niliona dada akipanda basi la kurudi Nairobi peke yake.

Nikatema pini mkononi.

"Mama, naomba nikae mlangoni."

Akatoa zake, pole pole, moja moja. "Kuna nini mlangoni?"

"Kuna watu."

Alinitazama kama mtu anayetazama bei. Sijui aliona nini, labda alichoka tu kunitazama. Akatikisa kichwa kuelekea mlango. Nikatoka mbio, nikakaa kwenye ngazi katikati ya wale mama, nikafumua lile tundu lililopinda, nikamwuliza mama wa kwanza, "Huyu mtoto anaingia darasa la ngapi?"

Ah! Hapo ndipo nilipozaliwa upya, sikudanganyi. Mtoto alikuwa analia kwa kuogopa futi ya kupimia, akidhani ni ya kuchapia. Nikamweleza kwamba ile ni mkanda wa fundi, amesahau kuuvaa. Akacheka, mwingine akacheka, mama zao wakaanza kusimulia, na mkono wangu ukaamka ukashika njia. Tundu baada ya tundu. Nilikuwa nausikia uzi ukikaa, kifundo kikibana, na mdomo uko mbali kabisa ukizungumzia bei ya sukuma wiki. Nilipofika kwenye kola sikutaka shati liishe.

Fundi akalichukua shati akaenda nalo penye mwanga. Akapitisha dole gumba juu ya kila tundu. Akaingiza kifungo, akakitoa, akakiingiza tena. Akalifikia lile la kwanza, ambalo kitambaa chake kilikuwa kimechoka kidogo kwa kufumuliwa.

"Hili ulilishona ndani," akasema.

"Ndiyo, mama. Nikalirudia nje."

"Kesho uje. Utakaa nje. Ndani kwangu sitaki kelele." Alishaanza kurudisha pini mdomoni, halafu akazitoa tena. "Na yule mtoto aliyekuwa analia, mwambie aingie apimwe kabla hajakumbuka."

Nilikimbia, nakwambia. Nilivuka barabara ya Ngong nikipunga mkono kwa watu nisiowajua. Kianda nilipita nikiimba. Dada alikuwa amerudi, ananawa miguu kwenye karai, nikammwagia yote kwa pumzi moja: pini, mlango, mtoto, futi, kola. Nilitaka aruke nami. Yeye akakaa na miguu majini, akauliza, "Umekula?" Kisha akageuka akawa anapuliza jiko, jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri. Niliumia kidogo. Nilidhani bado hajanisamehe yale maneno ya bombani.

Nilifanya kazi pale kwenye ngazi mpaka duka likafungwa kwa sikukuu, tukapanda basi la kwenda nyumbani. Tulifika jioni jua likiwa bado lipo, dada ametangulia na mzigo kichwani, mimi nyuma na kapu. Uani baba alikuwa ameketi na wazee wawili waliovaa makoti. Niliwatambua. Walikuwa watu wa yule kijana.

Baba akatusalimia, akauliza habari za safari. Kisha akawaambia wageni, akininyooshea mkono, "Huyu ndiye. Sasa amerudi nyumbani."

Nilifungua mdomo. Lakini dada alinitangulia.

"Hapana, baba. Amekuja kusalimia tu."

Sikuwahi kumsikia akimkatiza baba. Hakuishia hapo. Akaeleza kwamba nina kazi, kwamba kuna watoto wa watu Kawangware ambao nisiporudi wataenda shuleni mashati wazi. Akaeleza tundu linavyoshonwa, kifundo kwa kifundo, mambo ambayo sikujua kama aliwahi kuyasikiliza. Akasema kwamba mimi sifanyi kazi kama watu wengine, nafanya nikiongea, na kwamba yeye alikosea kutaka kuninyamazisha, na mtu mwingine yeyote atakayetaka kuninyamazisha atakuwa amekosea pia. Hilo la mwisho alilisema akiwatazama wale wazee. Dada yangu, ambaye asubuhi alikuwa anaitikia kwa kidevu, aliongea mpaka sauti ikamkauka.

Baba akawageukia wageni wake. "Mmemsikia," akasema. Halafu akaniambia nimsaidie dada yangu kutua, kwa maana maneno yote yale alikuwa ameyasema akiwa amesimama, na mzigo bado uko kichwani.